Cherehani Iliyofunikwa Shuka

Zamani nyumba ya fundi cherehani iliamka kwa kelele: pedali, redio, wateja wakigombania zamu. Kisha fundi akaugua saratani ya titi, na nyumba ikanyamaza.

Wifi yake alihamia kumuuguza. Alimpokonya ufagio, sufuria, hata mkasi. Cherehani akaifunika shuka jeupe. Kila fundi alipotaka kusema neno, wifi alimkatiza: kaza moyo, usiwaze, utapona tu. Binti wa fundi akadanganywa kwamba mama ana malaria.

Fundi akaacha kula. Alilala kutwa akiutazama ukuta. Siku ya kwenda hospitalini kupewa dawa ya saratani ilipofika, alikataa kutoka kitandani.

Wifi akaenda hospitalini peke yake, kulalamika kwamba dawa zao zimemharibu mgonjwa akili. Wauguzi wakampeleka kwa mshauri nasaha wa wagonjwa wa saratani. Huyo aliuliza fundi anashinda akifanya nini, na hulia na nani.

"Hafanyi kitu. Na kwangu halii mtu," wifi alisema kwa fahari.

"Basi mmeshamzika, bado kumfukia tu."

Mshauri alieleza kwamba mazungumzo hayaondoi uvimbe. Hiyo ni kazi ya dawa. Lakini huzuni nzito nayo ina tiba yake. Mgonjwa aseme hofu yake bila kukatizwa. Arudishiwe kazi ndogo anayoiweza. Afundishwe kupumua taratibu hofu inapompanda. Na mtoto aambiwe ukweli.

Kesho yake mshauri alikuja nyumbani, akakaa kando ya kitanda, akanyamaza. Mwishowe fundi akasema, "Naogopa kufa. Na humu ndani nimekatazwa kuogopa."

Wifi akafungua mdomo, akaufunga. Kisha akaangua kilio.

"Wewe nawe, hata kulia unanitangulia," fundi akamwambia.

Shuka likaondolewa, na binti akaambiwa ukweli. Fundi alirudi kwenye dawa, na kila wiki alikwenda kuzungumza na mshauri. Akaanza kula. Usingizi ukamrudia. Saratani haikuondoka, na madaktari hawakumficha.

Nguo ya kwanza aliyoshona ni sare ya bintiye. Alimwonyesha upindo wake mpana.

"Nimeacha kitambaa kingi. Ukirefuka, fumua hapa."

"Utanifumulia wewe, mama."

Wifi alitaka kuitikia haraka kwamba ndiyo, atamfumulia. Akajizuia.

Fundi akachukua wembe wa kufumulia, akauweka kwenye kiganja cha binti.

"Sogea," akasema. "Nikufundishe."