Njia ya Kushoto Isiachwe Tupu

Siku yenyewe ilianza vizuri, tena vizuri mno. Jumamosi asubuhi, Mzee Kabureta yuko karakanani kwake, amelala chini ya gari la mteja, miguu tu ndiyo inaonekana. Jina hilo alibandikwa na vijana, kwa sababu ukimpelekea gari, hata kama shida ni kioo kilichopasuka, yeye ataanza kwa kufungua kabureta. Lakini fundi ni fundi, asikudanganye mtu.

Binti yake wa pekee akaingia na gari lake. Mzee wala hakumsikia. Gari lenyewe la umeme, halina injini wala ekzosi, linakuja kimya kimya mpaka likukanyage vidole.

"Mama, siku moja friji lako hili litaniua," mzee akasema akijivuta kutoka uvunguni.

"Friji limewashinda nyote wenye injini zenu, Baba. Leo unakuja kunitazama nikikimbiza, au bado umenuna?"

Mzee akacheka. Alikuwa amenuna kweli, tangu binti aliponunua gari lile. Enzi zake, mbio za magari mawili kwenye uwanja wa ndege wa zamani zilikuwa karamu ya kelele. Unachoma matairi mpaka moshi unawafunika watazamaji, ekzosi inatema moto, na usiku unalala masikio bado yanavuma. Vijana wa leo hayo hawayataki. Wanataka gari safi, taa za rangi chini ya bodi, na video ya kupendeza. Hata mpinzani hawamhitaji! Mtu anakimbia peke yake, simu inampimia muda, halafu anawarushia wenzake walioko mbali nao wajaribu kumpiku. Mzee aliona ni utoto mtupu. Lakini mtoto hatupwi. Mama yake alishatangulia mbele za haki, wamebaki wawili tu. Asipomtazama yeye, amtazame nani?

"Nakuja," akasema. "Ila ile njia ya kushoto..."

"Najua, Baba. Nitaweka tairi."

Habari ya tairi ni hii. Mzee alikuwa na mdogo wake, waliyemwita Risasi, na Risasi alifia kwenye njia ya kushoto ya uwanja ule. Alijipanga mstarini akamngoja mpinzani wake, ambaye gari lake lilikataa kuwaka. Akangoja, akangoja, watu wakaanza kumzomea. Hasira zikampanda, akaondoka peke yake, na gari likapinduka kabla hajamaliza. Tangu hapo wakimbizaji wa zamani hawakuiacha njia ile tupu. Asipopatikana wa kuijaza, wanalaza tairi kuukuu pale mstarini, njia ihesabike kuwa ina mwenyewe. Ukiwauliza sababu, wanakujibu kwa mkato: Risasi bado anatafuta wa kukimbia naye.

Na binti aliliweka tairi, tusimsingizie. Aliyeliondoa ni mpiga video. Binti alikuwa ameshafunga mkanda, vioo vimepandishwa, macho yako kwenye taa za kuondokea. Yule akaona tairi linamchafulia picha, akaliburuta hadi nyasini. Baadaye alilieleza hilo huku analia kama mtoto.

Mzee alifika adhuhuri. Aliingilia lango la mwisho wa uwanja, upande ambao magari humalizia. Jua la utosi. Kule mbali akaliona gari la binti yake, jeupe, dogo, limejipanga upande wa kulia. Akakodoa macho kushoto. Lami tupu. Tairi hakuna.

Mungu wangu.

Akampigia simu. Ikapokelewa humo humo garini, lakini gari lilikuwa limeshaondoka.

"Simama! Njia iko tupu!"

"Baba." Sauti ya binti ilikuwa chini sana. "Kuna gari kushoto kwangu."

Mzee akatazama. Hapakuwa na gari. Palikuwa na lami na mvuke wa joto, basi. Lakini ndani ya simu aliisikia injini. Kwenye gari lenye kelele zake isingesikika. Kwenye lile la kimya, kila kitu kilisikika. Injini ya zamani, kabureta mbili, na gia ya tatu inakwaruza ikiingia. Mzee aliijua. Aliifunga kwa mikono yake mwenyewe, akampa mdogo wake.

"Usigeuke," akanong'ona. "Kanyaga breki, mama. Usigeuke."

"Nimekanyaga."

Gari likazidi kukaza mwendo.

"Ananitazama, Baba. Anafanana na wewe."

Mzee akaibana simu sikioni.

"Anacheka," binti akasema. "Ni baba mdogo huyu?"

Gia ya nne ikaingia. Halafu kimya.

Gari jeupe likampita mzee. Likapunguza mwendo, likaacha lami, likasimama nyasini taratibu. Mzee akakimbia kwa nguvu zote zilizombakia. Milango imefungwa kwa ndani. Vioo viko juu. Mkanda umebanwa kwenye klipu yake. Kiti kitupu.

Walivunja kioo. Walitafuta nyasini, mitaroni, hadi kwenye mabanda mabovu ya ndege. Polisi walikuja, wakauliza, wakaondoka. Video inamwonyesha binti akiingia garini, inaonyesha gari likiondoka na likisimama, hakuna mahali mlango unafunguka. Mzee ameitazama mpaka macho yamevimba. Watu wa msikitini wamekuja, wa kanisani wamekuja, na waganga wawili wamekuja wakatazama tu mlangoni, wakasema hawaliwezi. Siku hizi hapokei magari ya wateja. Ukimsalimia anaitikia, lakini unajua kabisa hayupo.

Gari la binti liko karakanani. Betri ilitolewa zamani, na ufunguo anao mzee shingoni. Lakini kila asubuhi, chini yake, sakafuni, kuna dimbwi la mafuta ya injini, meusi, ya gari lililotoka kufanya kazi. Mzee amefuta. Amemwaga mchanga. Amelisukuma gari hadi kona nyingine akishirikiana na jirani. Kesho yake mafuta yako kona hiyo.

Jirani huyo ndiye aliyemkuta juzi, alipompelekea chai. Mzee alikuwa amechuchumaa kando ya gari, kidole amekichovya kwenye mafuta.

"Mmerudi saa ngapi?" alikuwa akiliuliza gari, kwa upole, kama mtu anayeogopa kuamsha waliolala. "Mbona hamkubisha hodi?"

Jirani akaweka kikombe chini, akainama, akagusa naye.

Yalikuwa bado ya moto.