Ukuta wa Kituo cha Reli

Kila asubuhi, kabla ya kuchemsha chai, Sichana alifagia chenga za plasta zilizodondoka ukutani. Sebule ilinuka unyevu. Nyumba yao ilikuwa ndogo, ya mawe, huku Bububu, Unguja. Zamani ilikuwa kituo cha gari la moshi. Reli ilipong'olewa, babu yake aliinunua nyumba hiyo. Sichana alizaliwa humo.

"Nshachoka," alisema mumewe, Mmanga. "Mara tatu nimepiga plasta ya saruji. Kila masika inavimba. Jumamosi tunabomoa, tujenge kwa matofali."

"Nyumba ya babu hii, Mmanga."

"Babu angelala humu na kikohozi changu, angeivunja mwenyewe."

Sichana alivaa buibui, akaenda kwa jirani yao Wakil, fundi aliyetengeneza nyumba za Mji Mkongwe kwa miaka thelathini.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, Bi Sichana. Mbona mapema?"

"Jumamosi inavunjwa nyumba yangu. Njoo uitazame kwanza."

Wakil alikuja na patasi. Akabandua kipande cha plasta. Mawe ya nyuma yalikuwa yamelowa chepechepe.

"Bwana Mmanga," alisema, "umemvisha mzee koti la mvua, kisha unamlaumu kwa jasho!"

Mmanga akacheka bila kupenda. "Si saruji ndiyo madhubuti?"

"Kwa matofali ya saruji, naam. Ukuta huu ni wa mawe na chokaa. Hunywa maji ya mvua, jua likitoka huyatoa. Wewe umeziba njia. Na nje umerundika udongo mpaka juu ya msingi."

"Basi tufanyeje?"

"Kwanza waulizeni watu wa mambo ya kale. Nyumba kongwe haiguswi ovyo. Kisha ondoa udongo, bandua saruji taratibu, uache ukuta ukauke. Mwisho piga plasta ya chokaa iliyolowekwa vizuri, na mchanga usio na chumvi. Chokaa huunguza. Vaeni glavu, lindeni macho."

Akaupapasa ukuta. "Reli hii ilifunguliwa mwaka 1905, kutoka mjini mpaka hapa. Magari yalipozidi, ikafa. Mabaki yake ni machache. Tukiyavunja, wajukuu tutawaonesha nini?"

Mmanga alijikuna kichwa. "Nshawaambia vijana waje Jumamosi na nyundo."

"Waambie walete patasi."

Sichana alikwenda mwenyewe ofisi ya mambo ya kale. Afisa akaja, akatazama, akaridhia. Vijana walipobandua saruji, likatokea dirisha dogo lililozibwa kwa mawe.

"Hapa ndipo palipokatwa tiketi," alisema Wakil. Wakalifungua.

Udongo wa nje uliondolewa, ukuta ukaachwa miezi mitatu ukauke. Mmanga alilalamika kila Ijumaa. Kisha wakapiga chokaa.

Masika yakaingia. Mvua ilinyesha siku nne mfululizo. Ilipokatika, Mmanga aliweka kiganja ukutani. Akaweka na cha pili.

"Vipi?" aliuliza Sichana.

"Shika mwenyewe."

Sichana akashika. Ukuta ulikuwa mkavu. Sakafuni hapakuwa na hata chenga moja.

Mara kichwa cha jirani yao mwingine, Bi Ummkulthum, kikachungulia kwenye lile dirisha. "Nikatieni tiketi ya mjini!"

"Umechelewa, mama," alijibu Mmanga. "Gari lishaondoka miaka mia. Lakini kituo kipo. Ingia unywe chai."