Magunia ya Koki Kwenye Paa

Kila asubuhi, mwanawe akishaenda kazini, Koki alijaza mtungi maji na kupanda nao hadi kwenye paa. Jengo lao katika mtaa wa Pipeline lilikuwa na ghorofa saba, na lifti hakuna. Muthama, mwanawe, alipanga ghorofa ya nne na mkewe Wavinya. Mwezi wa Aprili walimzika mumewe Koki, baba yake Muthama, kule Mwingi. Muthama hakutaka mama abaki peke yake bomani, akaja naye Nairobi.

Koki alikuwa mkulima tangu utotoni, na mikono yake haikuzoea kukaa bure. Kwa hiyo Muthama alimwomba Opicho, msimamizi wa jengo, nafasi kidogo juu ya paa. Alileta magunia manne, udongo na samadi. Koki akapanda miche ya sukuma wiki. Mwezi wa Mei ilikuwa imenawiri, naye akaanza tena kuongea na watu.

Kisha baridi ya Juni ikaingia. Mawingu yalitanda juu ya Embakasi kutwa nzima. Watu walitoka na majaketi na kofia za sufu. Majani ya sukuma yakaanza kugeuka manjano, yale ya chini kwanza. Kwao Mwingi, jani la manjano ni jani lenye kiu. Koki akaongeza maji. Alimwagilia asubuhi, akamwagilia tena jioni. Miche ikazidi kulegea, naye akazidi kupanda ngazi.

Siku moja ya manyunyu aliteleza ngazini. Mtungi ukapasuka na kifundo chake cha mguu kikavimba. Kwenye zahanati waliambiwa hakuna mfupa uliovunjika. Lakini Muthama aliogopa sana, na hofu yake ikatoka kama hasira. Alisema atayashusha magunia yote ayatupe. Koki alijilaza kitandani. Aligeukia ukuta. Siku hiyo hakugusa chakula, na siku zilizofuata alikula kidogo sana. Alimwomba Wavinya arudishwe Mwingi, kwa sababu kila alichokishika kilimfia mikononi.

Wavinya alimwendea Fartun, jirani wa ghorofa ya juu. Fartun alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa, na alikuwa amelima mboga kwenye paa hilo kwa miaka mingi. Kikundi chao cha akina mama kilifundishwa na afisa wa kilimo. Jioni hiyo alikuja na chupa ya chai ya iliki. Alimpa Koki pole ya mguu, akampa na pole ya msiba. Walikunywa chai kwanza. Ndipo akaomba ruhusa kumwonyesha mche mmoja alioung'oa kwenye gunia la Koki.

Mizizi yake ilikuwa ya kahawia, laini, na ilinuka.

"Mizizi mizima huwa myeupe na migumu," Fartun alisema. "Hii imeoza, Mama."

"Ilikuwa na kiu. Majani yalikuwa manjano."

"Kwenu Mwingi, ndiyo. Jua linakausha udongo upesi. Hapa, wakati wa baridi, maji hayakauki. Mizizi inakosa hewa, inaoza, na jani linageuka manjano vilevile."

Koki aliutazama mche ule kwa muda mrefu. Muthama alikuwa amesimama mlangoni, bado na koti la kazini.

"Mume wangu aliniomba maji," Koki alisema polepole. "Nikaenda mtoni na mtungi. Niliporudi, alikuwa ameshaenda."

Muthama hakuwa amewahi kusikia jambo hilo. Alikuja akaketi karibu na mama yake, akamshika mkono.

"Hukumuua kwa kwenda mtoni, Mama," Fartun alisema. "Na hii mimea hukuinyima kitu. Uliipenda kwa maji mengi mno. Hilo tutalirekebisha."

Jumamosi, Muthama mwenyewe alifanya kazi hiyo kwa maelekezo ya Fartun. Alitoboa magunia chini ili maji yatoke. Aliyainua juu ya matofali, akayasogeza mahali ambapo jua hufika likitoka. Udongo wa zamani aliuchanganya na mchanga, na katikati ya kila gunia akapanga kokoto ili maji yapenye. Walitupa miche iliyooza na kupanda mingine.

Mguu ulipopona, Fartun alimfundisha Koki kupima. Unatia kidole kwenye udongo. Ukikitoa kikiwa na tope, usimwagilie. Kikitoka kikavu, mwagilia kidogo, asubuhi, si jioni. Wiki kadhaa za Julai Koki alipima kila siku na hakumwaga hata tone. Mwanzoni ilimtia wasiwasi. Lakini majani mapya yalitoka, ya kijani kibichi. Maji yalipohitajika, Wavinya ndiye aliyeyapandisha.

Mwisho wa Agosti Koki alichuma majani ya chini, akaacha ya juu yaendelee kukua. Fungu la kwanza alimpelekea Fartun. Lililobaki alilikaanga kwa kitunguu na nyanya, akasonga ugali mwenyewe. Alijipakulia sahani, akala akaimaliza.

Kisha akaanza kuwasimulia jinsi Mativo alivyokuwa ujanani, na alivyokuja kwao mara ya kwanza akiwa amevaa viatu vya kuazima. Hakuwa amelitamka jina la mumewe tangu mazishi. Wavinya alizima televisheni ili wasikie vizuri.