Ndege Iliyokwama Kitisuru

Jumamosi, saa nne na dakika arobaini asubuhi, ndege ya abiria mia moja na themanini ilikwama hewani juu ya Nairobi, na rubani wake alikuwa amevaa soksi na malapa. Rubani huyo alikuwa Mzee Mbuthia, mwenye majumba ya kupangisha Kangemi, na ndege yenyewe ilikuwa ya kompyuta. Alikuwa amejijengea chumba cha rubani nyuma ya nyumba yake ya Kitisuru: kiti cha ngozi, usukani, pedali, skrini tatu zilizopangwa kwa upinde. Siku hiyo aliwaalika wazee wanane wa ushirika wa wanaume kanisani waje kumwona akitua. Walichokiona ni picha zilizoruka moja moja, kama albamu ya harusi inayofunuliwa na mtu mvivu.

Shemeji yake Jamleck, ambaye watu wote walimwita Kapteni, aliinama akamulika tochi ya simu kwenye kioo cha ubavuni mwa kompyuta.

"Kadi ya picha imebadilishwa," akatangaza. "Ile kubwa imeibwa. Fundi amekuwekea takataka."

Kufikia saa saba mchana, fundi Dalmas alikuwa ametolewa kwenye kibanda chake Kangemi na kutiwa seli. Saa nane, picha yake ilikuwa imesambazwa katika kundi la WhatsApp la wakazi wa Kitisuru, na juu yake neno moja: MWIZI. Jumatatu asubuhi angefikishwa kortini. Hata korti ingemwachilia, hakuna mtu ambaye angemruhusu tena kufungua kompyuta yake, maana fundi huuza jina kwanza, kazi baadaye.

Faili ilimwangukia Sajini Ndanu. Alikuwa mwanamke wa maneno machache na dharau nyingi, na dharau hiyo aliihifadhi kwa watu wenye pesa ya kununua kitu na wasio na akili ya kukichagua. Alipofika Kitisuru saa tisa na kuona kompyuta ikiwakawaka taa nyekundu, buluu na kijani kama baa ya mtaani, alijua kwamba siku yake haitakosa vituko.

"Nani alichagua hii mashine?" aliuliza.

"Kapteni," alisema Mzee Mbuthia kwa fahari, ingawa mashine ilikuwa imemwaibisha. "Mimi sijui hizo vitu, lakini niko na mtu wa kujua. Huyu amefanya kazi na ndege miaka mingi. Aliandika listi yote, fundi alikuwa tu wa kufunga."

"Ulirusha ndege gani, Kapteni?"

Jamleck alirekebisha miwani yake ya jua, ambayo hakuivua hata ndani ya nyumba. "Zote, madam. Aviation ni kitu pana."

"Na hii ilikuwa inafanya kazi kabla ya leo?"

"Alhamisi jioni tuliitest hapa hapa. Ilikuwa smooth kama maji. Picha sitini kwa sekunde. Uliza Mzee."

"Mimi Alhamisi nilikuwa kwa shamba," Mzee akakiri. "Lakini Kapteni aliniambia."

Ndanu aliandika: *Alhamisi, picha sitini, kwa mujibu wa Jamleck.* Kisha akauliza nani aliingia chumbani baada ya hapo. Ijumaa saa tatu asubuhi, Dalmas alikuja kukaza pedali, akakaa peke yake nusu saa, akaondoka. Saa tano Naliaka, mfanyakazi wa nyumbani, alipangusa vumbi. Saa kumi Jamleck alikuja kuhakikisha mambo yako sawa.

"Basi ni fundi ama ni huyu msichana," alisema Mzee. "Na huyu msichana hawezi kujua kadi ni nini. Ni fundi."

Alilisema hilo Naliaka akiwa amesimama mlangoni na trei ya chai. Mwanamke huyo alikuwa na umri wa miaka thelathini na tisa na watoto watatu Bungoma, na bado aliitwa msichana.

Ndanu alifungua kompyuta. Alikuwa ameona za kutosha katika kesi za wizi wa ofisini kujua kadi hukaa wapi. Kadi iliyokuwamo ilikuwa ndogo, ya zamani, nayo ilichomekwa kwenye tundu la chini. Tundu la juu lilikuwa tupu, na kishikizo chake cha plastiki, kile kinachobonyezwa ili kadi iachie, kilikuwa kimevunjika. Kipande chake kilianguka ndani. Ubavuni mwa kadi hiyo ya zamani palikuwa na stika nyeupe: tarehe ya Ijumaa kwa kalamu ya wino mzito, herufi OB, na namba 214. Aliipiga picha, akaichomoa kadi, akaitia kwenye bahasha.

Jikoni, alifunga mlango.

"Naliaka, dada yangu, Ijumaa Kapteni alipokuja, aliomba nini?"

"Chai, afande."

"Chai tu?"

Naliaka aliangalia mlango. "Nikikuambia, kesho niko kwa basi ya Bungoma."

"Na usiponiambia, Dalmas yuko jela ya Industrial Area."

Naliaka alivuta droo, akatoa kisu cha siagi. Ncha yake ilikuwa imepinda. "Aliomba hiki. Mkate sikuwa nimepeleka. Nikashangaa siagi atapaka wapi. Kilirudi hivi, na Mama Wahu, bibi ya Mzee, akanikata kwa mshahara."

Ndanu alikiweka kisu kwenye bahasha ya pili. Alianza kuhisi njaa, na kwake hiyo ilikuwa dalili nzuri.

Saa kumi alikuwa kituoni, ana kwa ana na Dalmas. Mwanamume huyo alikaa wima kwenye benchi, mikono juu ya magoti, kama mtu anayengoja kuitwa hospitali.

"Ulichukua kadi?"

"Hapana, afande."

"Ungetaka kuichomoa, ungefanyaje?"

"Nazima stima. Nachomoa waya. Nabonyeza kishikizo na kidole, inatoka yenyewe. Sekunde ishirini."

"Huhitaji kisu?"

Dalmas alimtazama kana kwamba ameulizwa kama hunywa chai kwa uma. "Kisu ni ya nini?"

"Hiyo mashine ilikuwa inafanya kazi Alhamisi?"

Hapo ndipo fundi alipocheka, kicheko kikavu. "Afande, hiyo mashine haijawahi kufanya kazi tangu izaliwe. Sikiza. Game ya kawaida, kadi ndio inabeba kazi. Lakini ndege ya abiria ya ukweli, iko na mitambo yote ndani: mafuta, umeme, upepo, kompyuta za rubani. Hesabu zote hizo zinafanywa na prosesa, na nyingi zinapitia njia moja tu. Prosesa ni mpishi, kadi ni weita. Kapteni aliandika weita wa bei ya shamba, halafu mpishi akachukua wa kuokota. RAM nayo, ile nafasi ya mpishi kufanyia kazi, ni kumi na sita. Hiyo ni jikoni ya kusimama na mguu mmoja."

"Ulimwambia?"

"Nilimwambia prosesa ibadilishwe, RAM iwe sitini na nne, na kadi hata ya nusu bei ingetosha. Akaniambia, 'Wewe ni wa bisibisi, mimi ni wa mawingu.'"

"Neno lako dhidi ya lake."

"Hapana. Niko na video. Sisi mafundi hatutoki kwa nyumba ya mdosi kabla ya kurekodi. Ukiacha kurekodi, kesho unaambiwa ni wewe uliharibu. Iko kwa simu, na simu mko nayo nyinyi."

Ndanu aliitoa simu kwenye mfuko wa vielelezo. Video ilikuwa ya Alhamisi, saa kumi na mbili na dakika tano jioni. Kadi kubwa ilionekana wazi ndani ya kioo. Kwenye kona ya skrini namba zilisoma: picha kumi na nne kwa sekunde; kadi, asilimia thelathini na moja; na njia kuu ya prosesa, asilimia mia. Sauti ya Jamleck ikasikika nyuma: "Hiyo ni kawaida. Ikipata joto itachangamka. Na usimwambie Mzee mambo huelewi."

"Kwa nini hukumwambia Mzee?"

"Nilimpigia Ijumaa. Akasema niongee na Kapteni." Dalmas akaelekeza kidole kwenye simu. "Afande, hiyo picha yangu kwa group. Maureen, mke wangu, amekuja kuniona hapa; ametumiwa na watu kumi na mbili. Mtoto wangu mkubwa ameona. Hii seli naweza vumilia. Hiyo siwezi."

Ndanu hakumpa pole. Alichukua bahasha na funguo za gari.

Saa kumi na moja jioni alikuwa katikati ya jiji, kwenye jengo lenye vibanda vingi vya kompyuta hivi kwamba mtu hupita ubavuubavu. Herufi OB hazikumsumbua. Kila kibanda hutia stika yake kwenye kifaa, na stika ikibanduka, warranty, yaani dhamana, imekufa. Aliuliza watu wawili, akaelekezwa ghorofa ya pili, kwa Obuya, mwanamume mnene aliyekuwa akila njugu.

"Hii ni yako?"

Obuya alitazama stika, akatikisa kichwa. "Ai, huyo mtu. Ijumaa, saa saba hivi. Aliniambia anataka kadi yoyote ya kuwasha skrini tatu, rahisi kabisa. Nikampa hiyo, ni mzee kuliko mtoto wangu. Nikamwambia hii haina warranty, omera, hii ni ya kuomba Mungu. Akakataa kuondoka. Alisimama hapo dakika arobaini, ananifukuzia wateja, anataka warranty ya miezi mitatu."

"Ukampa?"

"Nilimpa ndio aende. Akauliza pia kama naweza kuichukua tena baada ya wiki moja. Nikamwambia, stika ikiwa mzima, tutaongea."

"Jina aliandika?"

Obuya alifungua kitabu, akakigeuza. Namba 214. *Capt. Jamleck*, na namba ya simu, kwa mwandiko wa madaha.

Ndanu aliusoma mara mbili kwa raha tu. Mtu anakwenda kununua kifaa cha kufanyia uhalifu, halafu anapigania warranty, anaacha jina, tena na cheo ambacho hakuna aliyemuuliza. Na baadaye anaogopa kubandua stika, isije warranty ikafa. Njia ya mwongo ni fupi, lakini huyu alikuwa ameiwekea na vibao.

Jumapili, saa nane mchana, baada ya kanisa, wazee wanane walirudi chumbani kwa Mzee Mbuthia kwa sababu Sajini aliwaomba. Dalmas aliletwa na konstebo mmoja. Mama Wahu, mke wa Mzee na dada yake Jamleck, alisimama karibu na dirisha. Jamleck alikaa kwenye kiti cha rubani bila kualikwa.

"Mzee," Ndanu alianza, "mwizi wa kawaida huchukua kitu, akaenda. Huyu alichukua kadi, akaweka nyingine. Kwa nini?"

"Ili tusijue."

"Angetaka msijue, asingekuwa wa kwanza kuwaonyesha. Aliweka ya zamani ili mashine iwake mbele ya wageni, ikwame, na lawama iwe tayari na mwenyewe. Kadi hii ilinunuliwa Ijumaa saa saba mchana. Dalmas alikuwa ameondoka hapa saa tatu na nusu asubuhi, hakurudi. Naliaka alipangusa saa tano. Baada ya saa saba aliingia nani?"

Wazee waligeuza vichwa kuelekea kiti cha rubani.

"Hiyo ni circumstantial, ni ya kukisia tu," alisema Jamleck.

Ndanu aliweka mezani picha ya kitabu cha Obuya. Kisha kisu. Kisha akacheza video, akaiacha namba kumi na nne ionekane vizuri. Mzee Mbuthia aliinama, akasikiliza sauti ya shemeji yake ikisema *usimwambie Mzee*.

"Uliniambia sitini," alisema Mzee.

"Funguo za gari, Jamleck," alisema Ndanu. "Ama nimwite hakimu Jumapili anipe kibali cha kupekua?"

Kadi kubwa ilikuwa kwenye buti, imefungwa kwa taulo ya gym. Jamleck alianza kusema kwamba alikuwa akiihifadhi, lakini hakuna aliyemsaidia kuimaliza sentensi.

"Hukuwa unataka kuiuza," Ndanu alisema. "Uliiba ili jambo moja lisijulikane: kwamba hujui. Ulifanya kazi gani na ndege?"

Jamleck alivua miwani. Macho yake yalikuwa madogo na ya kawaida. "Mizigo," alisema. "Nilikuwa napanga karatasi za mizigo. Miaka tisa." Akamtazama dada yake. "Nyinyi ndio mlianza kuniita Kapteni. Kwa harusi ya binamu yetu Ciru. Ningesema nini? Na huyu fundi wa Kangemi ananisahihisha kama mtoto. Ningekaa hapa mbele ya hawa wazee, ndege ikwame na listi ni yangu?"

"Kwa hivyo mtu alale seli," alisema Mama Wahu polepole.

"Wangemwachilia tu. Hao wamezoea."

Mama Wahu aligeukia dirisha. Aibu yake ilionekana hadi mgongoni.

Ndanu alimwomba Dalmas airudishe kadi. Ilichukua dakika mbili, bila kisu. Kwa kuwa kishikizo kilivunjika aliikaza kwa skrubu. Ndege ikaondoka uwanjani, ikakwama kwenye paa la kwanza la mji. Kumi na nne. Wazee waliguna. Weita wa bei ya shamba alikuwa amerudi, na chakula bado hakikuwa kimeiva.

Konstebo alimtoa Jamleck. Mzee Mbuthia alikohoa.

"Fundi, mambo imeisha. Mimi naondoa kesi. Wewe sasa nichagulie hiyo prosesa ya ukweli, uniwekee hata kesho."

"Mzee, kwanza group," alisema Dalmas.

Mzee alichukua simu, akarekodi kwa sauti ya mtu anayetangaza matanga: kulikuwa na kutoelewana kidogo kuhusu kifaa fulani, na sasa mambo yako shwari. Ndanu alikunja mikono yake kifuani.

"Futa. Picha ilikuwa na neno moja tu. Rudia, useme jina."

Mara ya pili alisema "yule kijana". Dalmas alikuwa na miaka arobaini na moja. Akafuta. Mara ya tatu jasho lilimtoka, na akasema: "Mimi ni Mbuthia. Dalmas hakuniibia. Aliyeiba ni shemeji yangu Jamleck. Dalmas alinipigia simu kunieleza ukweli, na mimi nilikataa kumsikiza kwa sababu ni fundi."

Akatuma. Dalmas aliomba simu, akaisikiliza rekodi yote hadi mwisho, kisha akaisikiliza tena. Halafu akachukua kalamu, akaandika kwenye karatasi jina la prosesa, kiasi cha RAM, na kadi ya nusu bei, kwa mwandiko wa kusomeka, akaiacha kwenye kiti cha rubani.

"Hiyo ni bure," alisema. "Kufunga, utafute mtu mwingine."