Mkono Uliofuatwa na Mwanga

Chumba cha mwisho cha kituo kilianza kunuka matope ya ziwa, ingawa sakafu ilikuwa kavu na ziwa lenyewe lilikuwa mbali. Charline, kine, yaani mtaalamu wa tiba ya mazoezi aliyewafundisha waliokatwa viungo, alifungua madirisha akidhani kuna bomba limepasuka mahali fulani. Alipogeuka, akauona mkono.

Ulikuwa umesimama hewani juu ya mashine, mkono wa mwanga wa buluu, vidole vikijikunja na kujikunjua polepole. Mkono wenyewe haukumshtua, kwani ndiyo kazi ya mashine ile. Kamera ndogo inautazama mkono wa mgonjwa, na hologramu, ile picha ya mwanga isiyoshikika, inafuata kila anachofanya. Akikunja ngumi, nayo inakunja. Aliyebaki na mkono mmoja huonyeshwa pia pacha wa mkono huo upande ulio mtupu, ili maumivu ya kiungo kisichokuwepo yatulie. Mtu akiondoka mbele ya kamera, mwanga unazimika.

Mbele ya kamera hapakuwa na mtu.

Charline alizima, akawasha. Mkono ukarudi. Safari hii aliuinamia, akaona vidole ni virefu kupita kiasi na kila kimoja kina pingili nne.

"Mashine haiumbi kitu," alijiambia kwa sauti ndogo. "Inafuata tu." Aliposikia alichokisema, alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa mlango.

Kambere alikuwa tayari kwenye benchi la nje. Alikuwa seremala wa mtaa wa Katindo, mtu mpole mwenye mabega mapana, na msumeno wa umeme ulikuwa umemtwalia mkono wa kulia. Tangu hapo mkono uliozikwa ulikuwa ukimuuma kana kwamba mtu anaupigilia misumari.

"Papa Kambere, leo tuache," Charline alimwambia. "Mashine iko na shida."

"Madame, sijalala. Usinirudishe na hii maumivu."

Alikuwa na macho mekundu. Charline alisita, halafu akampisha.

Kambere alikaa, akaweka mkono wake wa kushoto mbele ya kamera. Mikono miwili ya mwanga ikatokea kama kawaida. Kisha akafumba macho, na uso wake ukalegea kama wa mtu aliyeshushwa mzigo.

"Haiumi tena," alisema.

"Vizuri sana, papa."

"Kuna mutu ananishika. Vidole vyake ni baridi. Ni muzuri."

Charline alitaka kuzima. Lakini mtu huyu alikuwa ameteseka mbele yake kwa miezi, na sasa alikuwa anatabasamu. Aliacha. Aliacha na siku zilizofuata pia, maana Kambere alianza kula, akaanza kulala, akawa anafika kabla ya wengine wote. Harufu ya matope nayo ikazoeleka.

Halafu mke wake, Masika, akaja akimvuta kwa mshipi wa suruali. Nguo za Kambere zilikuwa zimelowa mpaka kifuani.

"Madame, mulimupa bwana yangu nini?" Masika aliuliza, akinong'ona kana kwamba kuna anayesikiliza. "Mchana kweupe, mbele ya watu, nimemutoa ndani ya ziwa. Alikuwa anaingia tu. Kile kipande cha mukono amekinyoosha mbele, kama mutoto anayeongozwa na mama yake. Ninamuita, haitikii."

Charline alikwenda moja kwa moja akachomoa waya wa mashine. Mwanga ukafa. Ila kwenye benchi, kigutu cha Kambere kilibaki kimenyooka mbele, na mkono mtupu wa shati ukawa unavutwa, unalegea, unavutwa tena, na upepo haukuwepo.

Wakamwita Sista Philomène wa parokia, ambaye watu walimpelekea wenye kusumbuliwa na pepo. Alifika na chupa ya maji ya baraka chini ya koti. Alipovuta ile harufu, alisimama mlangoni kitambo kabla ya kuingia, na Charline aliona kwamba hata yeye anaogopa.

"Washeni ile mashine," Sista alisema.

"Sista, si ndiyo iliyomuleta?"

"Haikumuleta. Inamuonyesha. Ukizima tochi, nyoka haondoki."

Charline akachomeka waya, na wote wakakaa mbali na kamera, wakiwa wameficha mikono yao migongoni, na wingu la mvua likawa limeufunika mji kiasi kwamba chumba kiligeuka kijivu, na katika kijivu hicho mwanga ukapanda taratibu, kwanza ule mkono mrefu wa pingili nne, kisha karibu yake ukajichora mkono wa pili, mnene, wenye kidole gumba kilichopinda na kovu la patasi juu ya ngozi, mpaka Masika akajiziba mdomo kwa kitenge na kusema kwa shida, "Ni yake. Ni ile tuliyozika."

Sista aliangalia kwa muda mrefu. Ule mkono mrefu ulikuwa umefunguka, kiganja juu, haushiki kitu. Uliong'ang'ania ulikuwa ule mwingine, wa Kambere.

"Kambere," Sista alisema. "Mimi nitaomba. Lakini siwezi kufungua vidole vyako. Yeye hakushiki. Ni wewe unamushika."

Kambere alitikisa kichwa. Machozi yalikuwa yanamtiririka.

"Nikiachilia, itarudi kuuma."

"Itarudi," Sista alisema. Hakumdanganya.

Masika alipiga magoti mbele yake. "Achilia, Baba. Uumie, lakini uwe hapa."

Sista akaanza kuomba kwa jina la Yesu, chini chini. Juu ya mashine kidole gumba kilichopinda kikainuka, kikatetemeka, kikafuatwa na kingine, na kingine. Cha mwisho kilipoachia, Kambere alipiga yowe lililowafanya wagonjwa wa vyumba vingine wanyamaze. Sista akamwaga maji ya baraka. Mkono mrefu ulibaki kidogo, kiganja wazi, bila hasira yoyote, halafu ukafifia, na harufu ya matope ikatoka nje kwa kupitia dirishani kama kitu chenye uzito.

Masika alimkumbatia mumewe aliyekuwa amejikunja sakafuni, jasho likimtoka.

"Inauma?"

"Inauma."

"Asante Mungu," Masika alisema, akalia. "Asante Mungu."

Kambere alimtazama mkewe kwa macho ya mtu anayemfahamu kwa mbali. Kisha akaitazama mashine, akageuza uso kwa Charline, na kwa adabu yake ile ile akauliza:

"Madame, kesho mutafungua saa ngapi?"