Namba Tatu Iliyoandikwa na Aita

Kila asubuhi, hata siku za likizo, Aita aliandamana na shangazi yake Braida kwenda kupima theluji nyuma ya zizi. Shangazi alichimba shimo, akabonyeza tabaka moja moja kwa vidole, kisha akapiga simu mjini kutoa taarifa na kupewa kiwango cha hatari ya maporomoko ya theluji. Aita alikiandika kwa chaki kwenye ubao mlangoni pa duka la mikate. Moja ni nafuu, tano ni balaa. Asubuhi hiyo aliandika tatu, kubwa kweli kweli.

Mvulana aitwaye Jorrit alisimama kuisoma. Yeye na wazazi wake walipanga vyumba nyumbani kwa kina Aita.

"Tatu maana yake tusipande mlimani?" aliuliza.

"Maana yake wewe usipande," Aita alimjibu. "Hii ni ya wageni. Sisi tumezaliwa huku."

Aita aliwadharau wageni wote, lakini huyu alimkera zaidi. Alitoka Uholanzi, nchi tambarare kama chapati, naye alijaza begi vifaa na kufunga kifuani redio ya kutafutana watu wakifukiwa.

"Na hilo beleshi? Unakwenda kupanda viazi?"

"Mwalimu wangu wa kuteleza thelujini kwa ski alisema nisiliache."

"Mwalimu alisema! Basi baki na mama yako unywe maziwa. Mimi nakwenda kuwaona mbuzi wa mwitu."

Maneno hayo yalimchoma Jorrit, akafuata. Redio ya Aita ilibaki nyumbani ukutani. Mjuaji haendi na vifaa, bwana. Anakwenda na mdomo.

Saa sita mchana walifika kwenye mteremko mkali ambao upepo wa usiku ulikuwa umeujaza theluji. Walipokanyaga ukingo wake, kitu kilinguruma chini ya miguu yao, kama mlango mzito uliofungwa ardhini. Jorrit alisimama palepale.

"Umesikia? Tabaka la chini limevunjika. Turudi, Aita!"

"Theluji imekohoa tu, wewe umeshatetemeka! Subiri hapo, mwoga. Nikifika ng'ambo nitakupungia mkono."

Alipiga hatua sita. Theluji ya mteremko ilipasuka juu yake ikashuka yote kwa pamoja. Aita alibiringishwa, akafukiwa, akabanwa asiweze kusogeza hata kidole. Alitaka kumwita mama yake, lakini kinywa kilijaa theluji. Alijua kwamba anakufa, na aliogopa sana.

Jorrit hakumwondolea macho tangu alipoanguka. Maporomoko yaliposimama aliona ncha ya glavu nyekundu, akaikimbilia, akachimba na beleshi lake kwa nguvu zake zote hadi uso ukatokea. Aita alikohoa, akatapika theluji, akalia kama mtoto mchanga. Mguu wake ulikuwa umevunjika. Jorrit alimfunika kwa koti lake, akapiga simu kuomba msaada.

Jioni, Shangazi Braida aliketi kando ya kitanda hospitalini. Jorrit na wazazi wake walikuwepo.

"Nani aliandika ile tatu?" aliuliza Shangazi.

"Mimi, shangazi."

"Ulimwandikia nani?"

"Wageni."

"Wageni! Unadhani theluji inauliza mtu kazaliwa wapi? Huyu hakujua, akauliza. Aliposikia mngurumo, akasimama. Wewe ulijua yote, ukayapuuza. Anayejua akapuuza ni mjinga kuliko asiyejua, Aita, na majivuno hayajawahi kumfukua mtu." Sauti yake ilikatika. "Leo ningekuwa nakuzika. Watu wangeniuliza, mimi mpima theluji, nyumbani kwangu nilikuwa nafundisha nini. Ningewajibu nini, mwanangu?"

 Aita alimgeukia Jorrit, na mbele ya watu wote akamwomba msamaha.