Gurudumu Ndani ya Ukungu

Asubuhi ile Damari alimnyonyesha mwanawe Blessing, akamwacha nyumbani na bibi yake, akapanda mlimani na Eveline kukagua njia ya watalii. Ni mlima huu huu unaouona ukiwa Mbeya mjini, na Damari ni jirani yetu, mlango wa tatu.

Eveline alisukuma gurudumu la kupimia njia, lile linalolia *tik* kila mita. Damari alibeba vitambaa vyekundu. Palipobomoka wanafunga kimoja, wageni wasipakanyage, mafundi wapaone.

Walianza pamoja kama vibarua, lakini Eveline ndiye aliyekabidhiwa gurudumu, na sasa alikuwa karibu kuajiriwa moja kwa moja. Jambo hilo lilimkaa Damari kooni kama mwiba wa samaki.

"Unatetemeka, mama Blessing," Eveline alisema. Akavua kitenge chake, akamfunika mabegani. "Ukungu ukishuka tusiitane majina. Tupige makofi tu. Humu kuna wanaoitika."

"Sawa, bosi."

Eveline akacheka. Hakuisikia kejeli.

Penye kona, ukingo wa njia ulikuwa umelika kwa chini, shimo refu. Eveline akafunga kitambaa, mafundo mawili, akatangulia. Damari akabaki nyuma. Akakifungua, akakisunda kifuani. Mkubwa wao wa kazi akija akute pabovu hapana alama, tuone kama huyo ataajiriwa.

Ukungu ukashuka papo hapo.

Hakuiona tena njia, wala hakujua ipi mbele ipi nyuma. Hakuona hata mikono yake. Nyuma yake, mbali, makofi yakalia. Pa. Pa. Akadhani ni mwangwi.

"Eveline!" akaita.

*Tik*, ikaitika mbele yake.

Akashusha pumzi. Akalifuata gurudumu. *Tik*. Hatua. *Tik*. Hatua.

Mkono ukamdaka kitenge kwa nyuma, ukamvuta hadi akaanguka chali. Kokoto zikaporomoka miguuni pake. Hakuzisikia zikitua.

"Ulikuwa unakwenda wapi?" Eveline alinong'ona, akihema. "Nimepiga makofi mpaka viganja vinauma!"

"Nilikuwa nakufuata wewe. Gurudumu..."

"Gurudumu nimeliacha kule juu, nikarudi kukutafuta."

Wakatega sikio.

Mbele yao, pasipo na ardhi, likalia. *Tik*. Likaendelea taratibu, kama anayetembea juu ya ukungu.

Eveline alimshika mkono mpaka kijijini. Hakumuuliza kitambaa kilikwenda wapi. Damari akakivuta kitenge, akafunika kifua.

Huku chini jua lilikuwa kali, vumbi tupu. Alipofika uani akatia mkono kifuani akitoe kitambaa.

Hakikuwepo.

Kilikuwa kimefungwa kwenye mwimo wa mlango wake, mafundo mawili, kinachuruzika maji. Na juu ya vumbi kulikuwa na mstari mmoja mwembamba wa gurudumu. Ulitoka upande wa mlimani, ukapita kizingiti, ukaingia ndani alimoachwa Blessing.

Wa kutoka haukuwepo.